Manowari za Uchina Ghuba ya Aden: Mlinzi Hulinda Mali ya Nani?

Juma lililopita nilialikwa katika shule moja ya upili kuzungumza na wanafunzi wa historia wa kidato cha nne. Niliwaeleza habari za biashara ya kale ya Bahari Hindi, za pepo za kaskazi na kusi, za Wareno na za Waomani. Nilipomaliza, kijana mmoja aliyeketi nyuma kabisa alisimama akaniuliza: “Mwalimu, umetuambia kwamba Wareno walikuja huku na mizinga wakidai kulinda biashara yao. Leo manowari za Uchina zinazunguka Ghuba ya Aden zikisema jambo lilo hilo. Tofauti iko wapi?”

Kengele ililia kabla sijamaliza kujibu, na ninakiri kwamba jibu langu la haraka halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Niliahidi kwamba ningemjibu kwa ukamilifu katika ukurasa huu. Kwa vile najua kwamba walimu wengi huulizwa maswali ya namna hii na hawapati vitabu vya kuyajibu, naomba msomaji aniwie radhi nikianza mbali kidogo.

Tukumbuke kwanza hali ilivyokuwa mwaka 2008. Somalia ilikuwa haijapata serikali yenye nguvu tangu kuanguka kwa Siad Barre mwaka 1991, na uharamia ulikuwa umegeuka kuwa biashara yenye wafadhili, wapatanishi na walinzi wake. Mwezi Septemba mwaka huo maharamia waliiteka meli MV Faina iliyokuwa ikielekea bandari yetu ya Mombasa ikiwa na vifaru 33 vya aina ya T-72. Mwezi Novemba waliiteka Sirius Star, meli kubwa ya mafuta ya Saudi Arabia iliyobeba kiasi cha mapipa milioni 2, ikiwa mamia ya maili kusini mashariki mwa Mombasa. Mwezi uo huo meli ya uvuvi ya Kichina ilitekwa mbele ya pwani ya Kenya. Tarehe 17 Desemba maharamia wakapanda juu ya meli nyingine ya Kichina, Zhenhua 4, na mabaharia wake wakajitetea kwa chupa za petroli na mipira ya maji mpaka helikopta za kijeshi za mataifa mengine zilipofika kuwaokoa.

Naam, za mataifa mengine. Hapo ndipo ilipokuwa aibu ya Beijing. Taifa ambalo shehena zake zilikuwa zimejaa kila bahari lilikuwa linaokolewa na helikopta za wenzake. Siku 9 baadaye, tarehe 26 Desemba 2008, manowari mbili, Wuhan na Haikou, zikifuatana na meli ya kubeba akiba iitwayo Weishanhu, ziling’oa nanga katika bandari ya Sanya, kisiwani Hainan, zikaelekea magharibi. Mapema Januari 2009 zilikuwa zimekwisha kuanza kazi katika Ghuba ya Aden.

Zilikwenda kwa idhini ya sheria. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha Azimio nambari 1816 mwezi Juni 2008, na mengine baada yake, likiyaruhusu mataifa yanayoshirikiana na serikali ya mpito ya Somalia kuwafuata maharamia hata ndani ya maji ya nchi hiyo. Isitoshe, Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unalipa kila taifa haki ya kuikamata meli ya maharamia katika bahari kuu, kwani tangu kale haramia amehesabiwa kuwa adui wa watu wote. Mwenye kusema kwamba Wachina walivamia Ghuba ya Aden hasemi kweli.

Kazi yenyewe ilifanywaje? Umoja wa Ulaya, kwa operesheni yake ya Atalanta iliyoanza Desemba 2008, pamoja na NATO na kikosi cha mataifa kilichoongozwa na Marekani, walichora njia maalumu ya kupita meli, wakagawana maeneo ya kulinda kama askari wa doria wagawanavyo mitaa. Wachina walichagua mtindo wa msafara. Meli za biashara zilikutana mahali palipotajwa, kwa saa iliyotajwa, kisha manowari zikazisindikiza mpaka ng’ambo ya hatari, na huko zikapokea msafara mwingine wa kurudi nao. Meli za mataifa mengine ziliruhusiwa kuomba nafasi, na kwa hesabu ya Wachina wenyewe, katika meli zaidi ya 7,000 walizosindikiza tangu 2009, takriban nusu zilikuwa za kigeni. Kuanzia mwaka 2012 Uchina, India na Japani zilipanga ratiba za misafara yao kwa pamoja ili zisigongane, ingawa huko kwao Asia nchi hizo tatu hutazamana kwa jicho la shaka.

Matunda yalionekana. Ofisi ya Kimataifa ya Bahari inayohesabu mashambulizi hayo iliandika mashambulizi 237 ya maharamia wa Kisomali mwaka 2011. Mwaka 2012 yalikuwa 75, na mwaka 2013 yalikuwa 15 tu. Kazi hiyo haikuwa ya manowari peke yake. Wenye meli waliajiri walinzi wenye bunduki, wakazungushia meli zao seng’enge, na huko bara wazee wa vijiji walichoshwa na vijana wenye fedha za haramu. Hata hivyo, ni haki kumpa kila mmoja sifa yake, na Wachina nao wanastahili fungu lao.

Sasa tufike kwenye kiini. Maharamia walipopungua, NATO ilifunga operesheni yake mwaka 2016 na kwenda zake. Wachina hawakuondoka. Tangu Desemba 2008 wamekuwa wakituma kikosi baada ya kikosi, kila kimoja kikikaa miezi kadhaa na kupokewa na kingine, na idadi imekwisha kupita vikosi 45. Kwa nini mlinzi abakie langoni baada ya mwizi kukimbia?

Jibu linaanzia mwaka 1993. Mwaka huo Uchina, ambayo zamani ilijitosheleza kwa mafuta na hata kuwauzia wengine, ilianza kununua mafuta mengi kuliko iliyouza. Tangu hapo viwanda vyake vimekuwa vikinyweshwa na meli zitokazo Ghuba ya Uajemi, Sudan na Angola, na nyingi kati ya hizo hazina budi kupenya katika Mlangobahari wa Malacca kabla ya kufika nyumbani. Mwaka 2003 Rais Hu Jintao aliitaja hofu hiyo waziwazi: kwamba wako wenye nguvu wanaoweza kuifunga njia ile na kuliacha taifa zima gizani. Aidha, bidhaa zinazotoka Uchina kwenda Ulaya hupita njia hii yetu ya Ghuba ya Aden, zikaingia Bab el-Mandeb, ambayo maana yake ni Mlango wa Machozi, zikakata Bahari ya Shamu hadi Mfereji wa Suez. Mlango huo wa Machozi una upana wa kilomita 30 hivi tu. Mtu aliyeweka riziki yake yote upande wa pili wa mlango mwembamba namna hiyo hawezi kulala usingizi mzito.

Lakini mahitaji ya biashara ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili imo ndani ya kazi yenyewe ya kulinda. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Manowari ikikaa miezi mbali na kwao huhitaji mafuta, maji, mboga na mafundi, na mabaharia wake huhitaji kukanyaga nchi kavu. Kwa hiyo mwanzoni vikosi vya Uchina vilikuwa vikiomba ruhusa ya kutia nanga hapa na pale, hasa Djibouti na Salalah. Kisha mwaka 2011 vita vikazuka Libya, na Uchina ikalazimika kuwaondoa raia wake zaidi ya 35,000 waliokuwa wakifanya kazi huko. Manowari Xuzhou, iliyokuwa ikiwinda maharamia, ilitolewa Ghuba ya Aden ikapelekwa Bahari ya Kati kusindikiza zoezi hilo. Mwaka 2015 vita vilipowaka Yemen, manowari za msafara huo huo ziliingia bandarini na kuwatoa Wachina wapatao 600, pamoja na wageni 225 wa nchi nyingine 10.

Mwaka uo huo wa 2015 waraka rasmi wa ulinzi wa serikali ya Beijing ulitangaza kwamba jeshi la wanamaji, ambalo kazi yake ilikuwa kuulinda ufuo wa nyumbani, sasa lingelinda pia maslahi ya taifa katika bahari za mbali. Na tarehe 1 Agosti 2017 Uchina ilifungua kambi yake ya kwanza ya kijeshi nje ya mipaka yake, huko Djibouti, jirani na bandari ya Doraleh. Waliiita kituo cha huduma. Baadaye wakaongeza gati refu, na mwaka 2021 jenerali wa Marekani aliyesimamia kamandi ya Afrika aliliambia bunge la nchi yake kwamba gati hilo lingeweza kupokea hata manowari ya kubeba ndege. Wakati huo Uchina ilikuwa nazo mbili za aina hiyo. Ya tatu, Fujian, iliingizwa kazini mwaka 2025.

Tazama basi, msomaji, jinsi hatua zilivyofuatana. Kwanza msafara, kisha mahali pa kununua mboga, kisha raia wa kuokoa, kisha kambi, kisha gati. Hakuna hatua hata moja ambayo mtu mwenye akili timamu angesema haikuwa na sababu. Kila moja ilizaliwa na ile iliyoitangulia. Bandu bandu huisha gogo.

Tunapofika hapa huwasikia watu wa makundi mawili wakipaza sauti. Kundi la kwanza husema: “Huu ni ukoloni mpya, Wachina ni Wareno wa leo.” Kundi la pili hujibu: “La hasha! Wachina walifika hapa kabla ya Wareno na hawakumdhuru mtu.” Kundi hili humtaja Zheng He, amirijeshi wa majini wa enzi ya Ming, aliyeongoza safari saba kati ya mwaka 1405 na 1433, ambazo baadhi ya vyombo vyake vilifika Malindi, na humtaja pia yule twiga wa Malindi aliyepelekwa mbele ya mfalme wa Uchina mwaka 1415.

Mimi siridhiki na kundi lolote kati ya haya mawili, na ningewaomba walimu wenzangu wasiridhike nalo pia. Ni kweli kwamba Zheng He hakujenga ngome Malindi wala hakutoza mtu kodi. Lakini hakuwa mtalii. Alisafiri na watu wapatao 27,000, wengi wao wakiwa askari. Mwaka 1407, huko Palembang katika kisiwa cha Sumatra, alimshinda na kumkamata Chen Zuyi, jambazi wa baharini aliyekuwa akisumbua meli katika Malacca, naye akapelekwa Uchina kuuawa. Miaka michache baadaye, huko Sri Lanka, alipigana na mtawala wa nchi na kumpeleka mateka Uchina. Kulinda njia ya biashara kwa nguvu ya silaha, mbali na nyumbani, si jambo ambalo Wachina walijifunza mwaka 2008.

Na kuhusu Wareno, hao hawakulinda biashara waliyoikuta. Waliipora. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na kufikia mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuwa amekwisha kuishambulia Kilwa na kuichoma Mombasa. Kisha wakaulazimisha kila mtepe na kila jahazi kununua kutoka kwao hati ya kupitia bahari ambayo mababu wa wenye vyombo hivyo walikuwa wakiipita bure tangu hapo. Anayekuuzia ulinzi dhidi ya yeye mwenyewe si mlinzi. Kwa hiyo mfano wa Wareno, ambao kijana wangu aliutumia kwa sababu mimi ndiye niliyempa, haulingani sawasawa na mambo ya leo.

Iko mifano miwili iliyo karibu zaidi, nayo yote ni ya Waingereza.

Wa kwanza ni wa Aden yenyewe. Mwaka 1837 jahazi lililopeperusha bendera ya Uingereza lilivunjika karibu na Aden, na abiria wake wakaporwa na kudhalilishwa. Serikali ya Waingereza huko India ilidai fidia. Ikadai na bandari pia, kwani wakati huo meli za moshi zilikuwa zimeanza kusafiri kati ya Bombay na Suez na zilihitaji mahali pa kuweka makaa ya mawe. Januari 1839 Nahodha Haines aliiteka Aden kwa mizinga. Kisa kilikuwa cha kweli, abiria waliporwa kweli, na makaa yalihitajiwa kweli. Waingereza waliondoka Aden mwaka 1967, baada ya miaka 128.

Mfano wa pili ni wa Mombasa, na ningependa kila mwanafunzi wa Kenya aujue. Mwaka 1824 Nahodha William Owen wa manowari Leven alitia nanga Mombasa akaikuta bendera ya Uingereza imekwisha kupandishwa juu ya Ngome ya Yesu. Walioipandisha si Waingereza. Ni Mazrui, watawala wa mji, waliokuwa wakimhofia Seyyid Said wa Oman na wakatafuta mlinzi mwenye manowari kubwa kuliko zake. Owen alikubali kuwalinda, kwa masharti kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe na ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu. Lakini wakuu wa Owen hawakupendezwa. Seyyid Said alikuwa rafiki wao, na urafiki wake ulikuwa na faida kwa meli zao kuliko urafiki wa Mombasa. Mwaka 1826 bendera ikateremshwa, Waingereza wakaondoka. Mwaka 1837 utawala wa Mazrui ukaanguka mikononi mwa Seyyid Said.

Tuiweke mifano hii miwili pamoja. Aden ilipata mlinzi asiyetaka kuondoka. Mombasa ilipata mlinzi aliyeondoka wakati alipohitajiwa zaidi. Visa vinatofautiana, lakini kiini chake ni kimoja: uamuzi wa kukaa na uamuzi wa kuondoka vyote vilikatwa mbali, na watu waliopima faida ya meli zao wenyewe. Wenye pwani hawakuulizwa katika kisa cha kwanza, na katika kisa cha pili waliomba wakakataliwa.

Hiki ndicho kipimo ninachokipendekeza. Tusiulize kama Wachina ni watu wema au wabaya. Taifa halina moyo wa kupimwa namna hiyo. Tuulize: uamuzi unakatwa wapi, na kwa faida ya meli za nani?

Kipimo hicho kikitumiwa kwa haki, kinaonyesha kwanza kwamba leo si sawa na 1839. Djibouti haikutekwa. Serikali yake ilitia sahihi mkataba kwa hiari na hupokea kodi ya pango. Tena haikukodisha kwa mpangaji mmoja. Wafaransa wapo tangu enzi za ukoloni, Wamarekani wapo Camp Lemonnier tangu mapema miaka ya 2000 na mkataba wao wa mwaka 2014 uliwaweka katika malipo ya takriban dola milioni 63 kwa mwaka, Wajapani walifungua kambi mwaka 2011, na Waitaliano nao wapo. Nchi ndogo isiyo na mto wala shamba kubwa imeigeuza jiografia yake kuwa mazao. Wako watakaoisifu na wako watakaoionea huruma, lakini angalau yenyewe ndiyo iliyoketi mezani.

Lakini kipimo kicho hicho kinaonyesha na jambo la pili. Novemba 2023 Wahuthi wa Yemen walianza kuzishambulia meli za biashara katika Bahari ya Shamu wakisema wanawaunga mkono Wapalestina wa Gaza. Marekani ilipounda muungano wa kulinda njia hiyo mwezi Desemba, Uchina haikujiunga. Manowari zake ziliendelea na misafara yao, nao Wahuthi walitangaza kwamba meli za Uchina na za Urusi zisingeguswa, ingawa Machi 2024 meli moja ya Kichina, Huang Pu, ilipigwa hata hivyo. Marekani ilidai kwamba, meli Central Park iliposhambuliwa na kupiga mbiu ya kuomba msaada mwezi Novemba 2023, manowari za Uchina zilizokuwa karibu hazikuitika. Sisemi haya ili kuwalaumu Wachina na kuwatakasa Wamarekani. Kila mmoja alifanya alichoona kinailinda mali yake. Wakati adui alikuwa haramia wa Kisomali asiye na rafiki duniani, ilikuwa rahisi kila mlinzi kumlinda na mwenzake. Adui alipokuwa na marafiki na siasa, kila mlinzi alirudi kwenye mlango wake.

Na nani alibaki bila mlinzi? Ni sisi tusio na meli. Meli nyingi ziliacha njia ya Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari zikarefuka kwa siku 10 au zaidi, na gharama za kusafirisha makontena zikapanda. Mbolea, ngano, karatasi za vitabu na dawa zinazotufikia kutoka upande huo hulipiwa nauli hiyo na mnunuzi wa mwisho, naye ni mama wa Kakamega na mwalimu wa Machakos. Isitoshe, wakati manowari zimeelekeza macho Bahari ya Shamu, maharamia wa Kisomali walirudi. Desemba 2023 waliiteka meli MV Ruen, na ilikuwa ni jeshi la wanamaji la India lililoikomboa Machi 2024, likawaokoa mabaharia 17 na kuwakamata maharamia 35. India nayo, bila shaka, haikufanya hivyo kwa mapenzi ya Mungu peke yake. Ilikuwa ikimwonyesha jirani yake kwamba Bahari Hindi ina mwenyewe.

Liko jambo jingine ambalo halisemwi sana. Mwaka 2010, uharamia ulipokuwa umeshamiri, wavuvi wa Malindi waliwasimulia waandishi wa habari kwamba samaki walikuwa wameongezeka. Sababu waliyoitoa ni kwamba meli kubwa za kigeni za uvuvi, zilizokuwa zikikokota nyavu zao katika maji haya, ziliwaogopa maharamia zikatoroka. Fikiria maana yake, msomaji. Manowari za nusu ya dunia zilikuja kulinda shehena zilizokuwa zikipita mbele yetu. Hakuna hata moja iliyokuja kulinda samaki wa mvuvi wetu. Kwa nini ije? Samaki yule hakuwa mali yake.

Je, sisi tumefanya nini? Tusijidharau kupita kiasi. Kenya ndiyo iliyokubali kuwahukumu washukiwa wengi wa uharamia waliokamatwa na manowari za kigeni, wakati mataifa yenye manowari hizo yalikwepa kuwapeleka kwao. Mahakama maalumu ilifunguliwa katika eneo la gereza la Shimo la Tewa mwaka 2010. Mwaka uo huo Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba sheria zetu hazikuturuhusu kumhukumu mtu kwa kosa lililotendwa katika bahari kuu, lakini Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo mwaka 2012. Wanasheria wetu walijadili, tena kwa ustadi, swali ambalo mataifa makubwa yaliogopa kuligusa. Na mwaka 2018 tuliunda Huduma ya Walinzi wa Pwani, miaka 55 baada ya uhuru. Tulichelewa, lakini tulianza.

Hata hivyo, ukiingia darasani utakuta mtoto wa Kenya anajua milima ya Ulaya kuliko anavyojua mkondo wa bahari ulio mbele ya Lamu. Anajua majina ya manowari za sinema, lakini hajui kwamba nchi yake ina haki juu ya rasilimali za bahari hadi maili 200 kutoka ufuoni. Mabaharia, wapima bahari, wanasheria wa bahari na wahandisi wa meli hawaoti kama uyoga. Huanza na mwalimu aliyeichukua ramani akawaambia watoto waitazame sehemu ya buluu pia, si sehemu ya kijani peke yake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na anayetegemea manowari ya mwenziwe hana hakika ya kesho.

Basi, kijana uliyeuliza, hili ndilo jibu langu. Tofauti ipo. Wareno walikuja kunyang’anya njia, na Wachina wamekuja kuilinda njia ambayo mali yao inapita, kwa idhini ya Umoja wa Mataifa, pamoja na mataifa mengine yenye sababu kama yao. Kwa sasa ulinzi huo umetufaa, na ni utovu wa shukrani kuukana. Lakini usidhani kwamba kwa kuwa umetufaa basi ulikuwa wetu. Ulikaa ulipokuwa na faida kwa mwenyewe, ulinyamaza ilipokuwa na faida kunyamaza, na siku moja utaondoka, au utakataa kuondoka, kwa hesabu zitakazopigwa Beijing na si Nairobi. Ndivyo ilivyokuwa kwa London mwaka 1826 na 1839. Ndivyo ilivyo kwa Washington, kwa Paris na kwa New Delhi.

Mazrui walipandisha bendera ya mwingine juu ya ngome yao wakidhani wamepata salama. Ile ngome bado ipo Mombasa. Mkienda huko kwa ziara ya shule, mwombeni mwalimu awaonyeshe upande unaotazama bahari, kisha mjiulize ni nani leo anayelinda kile kilicho chetu huko nje.